Hodi ya Tatu

Baba yangu hajui kutukana. Akikukasirikia anakunyamazia, na Mikdad alikuwa amenyamaziwa miaka miwili kamili, Jumamosi baada ya Jumamosi, mbele za watu.

Ngojeni niwaeleze kwanza kuhusu karakana, maana bila hiyo hamtaelewa mapenzi yangu yalikwama wapi. Ipo kwenye njia ya kwenda Kaole, ndani ya banda lililokuwa la kukaushia mbata, zile nazi kavu, enzi za babu zetu. Humo hukutana wanaume saba, na hakuna hata mmoja anayekula kwa useremala. Baba, Mzee Mwishehe kwa wanaomjua, ni bwana afya mstaafu. Mikdad ni mpima ardhi. Mwalimu Pazi, mshika funguo, anafundisha hesabu sekondari. Wanachonga kwa raha zao tu, kisha wanatumiana picha kwenye kundi lao la WhatsApp na kununiana wiki nzima.

Na masharti sasa! Randa hailazwi kifudifudi, inalazwa ubavu, ili kisu chake kisiguse meza. Vumbi halipulizwi upande wa jirani. Mtu hasifii kazi yake mwenyewe, hata kama inamwasha ulimi. Na kubwa kuliko yote, meza ya mtu ni nyumba yake. Kila meza imezungushiwa mstari wa chokaa sakafuni. Ukitaka kitu kwa mwenzako unasimama nje ya mstari na kupiga hodi. Akikukaribisha, unaingia. Usipojibiwa, unapiga ya pili, halafu ya tatu, halafu unageuka na kwenda zako bila kinyongo, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani tangu wadogo.

Mikdad alikuwa akija kila Jumamosi kwenye mstari wa Baba.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba," Baba alikuwa akiitikia, kwa kuwa salamu haina ugomvi.

"Hodi."

Kimya. Baba anapiga randa.

"Hodi."

Kimya. Maranda yanadondoka miguuni.

"Hodi, Mzee."

Kimya. Basi Mikdad anainamisha kichwa na kurudi kwenye meza yake ya pembeni, kule mlangoni kunakoingia vumbi lote la barabara. Mimi nipo nimekaa na kapu la chakula cha Baba mapajani, naangalia. Akipita mbele yangu ananitupia jicho moja tu, la haraka, na mdomo wake unacheka kwa upande mmoja kana kwamba ananiambia nisijali. Nami najali. Jamani, nilimpenda yule mwanamume! Nilimpenda kwa kila hodi aliyonyimwa jibu lake.

Tena mkosaji hakuwa yeye.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Mchana mmoja wanaume wote walikwenda kuswali adhuhuri, nikabaki peke yangu karakana na kapu langu. Tangu utoto nilikuwa natamani kuishika randa ya Baba, ile aliyoachiwa na marehemu babu, yenye mpini uliong'aa kwa jasho la mikono. Nikavuka mstari. Sikupiga hodi, ningempigia nani? Nikachukua ubao wa fremu ya mlango wa zamani, mvule mzuri, nikasukuma mara mbili, na mara ya tatu nikasikia sauti ambayo mpaka leo inanisisimua mwili. Mbao za milango ya zamani zina misumari iliyozama ndani, haionekani kwa macho. Mwenye akili huipitishia sumaku kwanza. Mimi akili hiyo sikuwa nayo. Kisu cha randa ya babu kilitoka pengo la kuingiza ukucha.

Aliyewahi kurudi kutoka msikitini alikuwa Mikdad. Alinikuta nalia. Akaitoa randa mikononi mwangu taratibu, na kabla sijajua anataka kufanya nini, Baba akawa mlangoni.

"Nani kashika randa yangu?"

"Mimi, Mzee," Mikdad akasema. "Nisamehe."

Nikafungua mdomo. Mikdad akanitazama na kutikisa kichwa kidogo sana. Nikaufunga. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nikaufunga miaka miwili.

Na miezi sita baadaye, Mikdad alipotuma wazee wake nyumbani kwetu kuniposa, Baba aliwaandalia kahawa na halua, akawasikiliza kwa adabu, kisha akawapa jibu moja. "Mtu asiyepiga hodi kwenye meza yangu, mlango wangu ataupigiaje hodi?"

Sasa asubuhi ninayotaka kuwasimulia, Baba alikuwa anakunywa chai na vitumbua, nami namfungia kwenye shuka marufaa yake, kile kibao cha kukunja cha kuwekea msahafu. Ilikuwa siku ya vitambaa. Mara moja kwa mwaka kila mwanachama huleta kazi yake imefunikwa, haina jina. Watu wanafunua, wanagusa, wanapiga kura. Mshindi anapewa meza ya dirishani, penye mwanga wa asubuhi, mwaka mzima. Meza hiyo Baba alikuwa nayo kwa mwaka wa sita.

"Hafidha," akasema, "Mzee Ausi wa Kiwangwa anataka jibu kesho."

Mzee Ausi alikuwa ameleta posa ya mwanawe, kijana mwenye mashamba ya mananasi.

"Jibu gani, Baba?"

"La kijana wake. Ana heshima, anaswali, ana shamba. Una ubaya gani naye?"

"Sina ubaya naye. Wala sina ugomvi na mananasi."

"Basi?"

"Baba unajua basi yenyewe."

Akaweka kikombe chini. "Huyo mpima ardhi usinitajie. Angenivunjia sahani ningecheka. Aliingia nyumba ya mtu bila ruhusa, akaharibu alichoachiwa mtu na baba yake. Mtu wa hivyo sitamkabidhi binti. Kesho namjibu Ausi."

Nilimfungia Baba marufaa yake mafundo matatu. Lakini sikulia. Kwa shangazi yangu Zuleha, kule Kaole, kulikuwa na kitambaa cha nane kimekwisha fungwa.

Niliwakuta shangazi na Mikdad nje ya karakana. Shangazi alikuwa amekumbatia mzigo uliofunikwa kwa kanga yake, na Mikdad amesimama hatua tano mbali naye, kama inavyopasa.

"Leo nasema," nikamwambia.

"Usiseme, Hafidha."

"Kesho Baba anamjibu Mzee Ausi. Unataka nikaolewe ndipo niseme?"

"Atakuona mwongo mbele za watu."

"Nami ni mwongo! Wewe miaka miwili unakula vumbi la mlangoni kwa ajili yangu. Umeshawahi kujiuliza mimi nalalaje?"

Akanitazama. Ana macho ya mtu aliyezoea kuangalia mbali, kazi yake hiyo, lakini siku ile yalikuwa karibu mno. "Nimejiuliza kila siku," akasema. "Ndiyo maana sikuchoka."

"Haya, haya," shangazi akaingilia. "Mzigo huu mzito na mimi mgongo sina. Yasemwayo kwa macho yatosha, twendeni ndani."

Mwalimu Pazi alihesabu vitambaa mezani, akahesabu tena, hesabu ikamshinda mwenyewe.

"Vinane. Watu saba. Kuna mtu kaleta kazi mbili?"

Sharti la kukataza halikuwapo. Wakafunua. Kulikuwa na marufaa ya msahafu ya Baba, yenye nakshi ya maua ya mkarafuu pembeni, kazi ya kumtoa mtu machozi. Kulikuwa na kasha la Mikdad, la mninga, lisilo na msumari hata mmoja. Vigoda, fremu za picha, sinia la mbao. Kanga ya shangazi ilipovutwa, kicheko kikajaa banda.

"Mbuzi ya kukunia nazi! Nani kaleta jikoni humu?"

"Nazi ziko wapi basi, tupike wali!"

Niliushika ukingo wa kapu mpaka ukanikata vidole. Walikuwa wakicheka, lakini mmoja akaikunja mbuzi, akaikunjua, akaacha kucheka. Mwingine akaipindua. Ilikuwa ubao mmoja tu, uliochanwa katikati na kuachwa ushikane kwa vidole vyake wenyewe vilivyopishana, namna marufaa zinavyotengenezwa. Hapakuwa na gundi wala bawaba. Hata kile chuma chenye meno kilikazwa kwa kigingi cha mti.

Baba alifika mwisho. Aliikunjua, akaiweka sakafuni, na bwana afya mstaafu wa miaka sitini na nane akakaa juu ya mbuzi kama bibi harusi jikoni kwa mkwewe. Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alijitikisa kushoto na kulia, ametega sikio.

"Hailii," akasema. "Na kiti chake kimelalishwa mbele kidogo, goti lisiumie. Aliyeitengeneza hii amewahi kukuna nazi, si kuitazama tu."

Kura zao ni vipande vya mninga, kila mtu kimoja, na mtu hajipigii mwenyewe. Kasha likapata kimoja. Mikdad alikiweka chake mbele ya marufaa ya Baba, na mwenzake mmoja akamfuata. Mbuzi ikapata kimoja, viwili, vitatu. Kikabaki cha Baba. Alikishika muda mrefu anakizungusha vidoleni. Kisha akakiweka mbele ya mbuzi.

"Vinne!" Mwalimu Pazi akatangaza. "Mwenye mbuzi ajitokeze."

Macho yote yakaenda kwa Mikdad.

"Hakuna haja ya kujitokeza," Baba akasema, na sauti yake ilikuwa kavu. "Vidole vya mbao namna hii humu ndani anavikata mtu mmoja tu. Kazi nimeipenda, nimeipigia kura, siifuti. Meza ya dirishani achukue. Lakini mwenye kazi yenyewe mimi simpendi, na leo nalisema mbele yenu nyote."

Nikasimama. Kapu likaanguka.

"Baba," nikasema, "kumbe hunipendi?"

Baba alinitazama kana kwamba nimezungumza Kichina.

"Unasema nini wewe?"

"Mwenye mbuzi ni mimi."

"Kasema alichosema, kaka," shangazi Zuleha akadakia. "Kaitengeneza uani kwangu, miezi mitano, mimi nasuka ukili pale pale mlangoni. Maranda yameniingia mpaka kwenye uji. Hiyo kanga huijui? Si uliniletea wewe mwenyewe Idi ya mwaka juzi!"

"Zuleha, usimfunike mtoto."

"Nimfunike nini, na kanga yangu mmeshaivua?"

Wengine wakacheka, Baba hakucheka. "Nani kamfundisha?"

Mikdad akapiga hatua mbele. "Mimi, Mzee. Patasi na michoro nilikuwa nampelekea Bi Zuleha. Mkono sikumshikia. Kila mkato ni wake."

"Neno lako mimi nililiacha zamani."

Mwalimu Pazi akakohoa. Yeye hakuna kinachomtuliza kama sharti. "Jamani, njia ipo. Sote tuliingia humu kwa kuvuta utepe. Binti avute. Akitoa kwa randa utepe mmoja wa mbao, kutoka ncha hadi ncha bila kukatika, kazi ni yake na meza ni yake. Ukikatika, tumeyamaliza. Atatumia randa ya nani?"

"Ya Baba," nikasema.

Nilikwenda mpaka kwenye mstari wa chokaa wa meza ya dirishani, nikasimama. Nikaweka sawa baibui langu.

"Hodi."

Baba alivua miwani, akaanza kuifuta. Hakujibu. Pale ndipo nilipojua Mikdad alikuwa akihisi nini kila Jumamosi. Unasimama, watu wanakuona, na mtu unayemheshimu kuliko wote hana neno kwako.

"Hodi, Baba."

Akavaa miwani. "Karibu," akasema, polepole.

Nikavuka mstari na kuichukua randa ya babu. Kisu chake kilikuwa kimenolewa mpaka pengo likaisha, kimebaki kifupi. Mwalimu Pazi akanibanishia ubao kwenye meza, mvule wa fremu ya mlango. Wote wakasogea. Nikaweka randa chini, ubavu.

"Naomba sumaku."

Mwalimu akanipa. Nikaupitishia ubao wote, kidogo kidogo, na karibu na ncha ya pili sumaku ikaganda. Mwalimu Pazi alichimbua kwa patasi, akavuta kwa koleo, na msumari ukatoka, mweusi, umepinda kwa uzee. Nikapitisha sumaku tena, mara hii haikuganda popote. Ndipo nikashika randa.

Nikasema Bismillah, nikasukuma kwa kiuno na si kwa mikono, kama nilivyofundishwa. Utepe ukaanza kupanda kwenye kinywa cha randa, mwembamba, ukajiviringa juu ya kiganja changu. Nikatembea nao. Shimo la msumari likapita, nikadhani pale utakatika, haukukatika. Nikafika mwisho. Mwalimu Pazi akaushika utepe kwa ncha mbili, akauinua mbele ya dirisha, na jua likapenya ndani yake.

"Ncha hadi ncha!" akapiga kelele. "Wallahi, ncha hadi ncha!"

Shangazi akapiga vigelegele mle ndani ya karakana ya wanaume, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha. Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, nikamtafuta Mikdad kwa macho, nikamwona ameegemea nguzo, amefunika mdomo kwa mkono.

Baba hakuutazama utepe. Alikuwa ameshika ule msumari.

"Sumaku," akasema. "Huyu Rashidi wa duka la vitambaa mwaka wa nne yumo humu na bado anaisahau. Wewe nani kakufundisha kuanza na sumaku?"

Vigelegele vikakoma. Mikdad akatikisa kichwa, kidogo sana, kama siku ile. Safari hii sikumtii.

"Msumari, Baba. Msumari kama huo. Mlipokwenda kuswali adhuhuri miaka miwili iliyopita, aliyevunja kisu cha babu nilikuwa mimi. Nilivuka mstari wako bila hodi. Mikdad hakugusa kitu. Alinikuta nalia, akajibebesha, nami nikanyamaza kwa woga. Kila hodi uliyomnyima ilikuwa yangu. Nisamehe Baba. Na usiponisamehe mimi, msamehe yeye."

Baba aliuweka msumari mezani. Kisha akamgeukia Mikdad.

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Alikuwa analia, Mzee."

"Hiyo ni siku moja. Na miaka miwili yote?"

Mikdad akafikiri. "Nilikuwa napiga hodi," akasema.

Baba akachukua kapu lake la vifaa na kuanza kukusanya vilivyo vyake kwenye meza ya dirishani, patasi, misumeno, penseli, chupa ya mafuta. Nilidhani anaondoka kwa hasira, nikamshika mkono.

"Baba, sitaki meza yako."

"Si yangu. Umeshinda, ni yako. Sharti ni sharti." Akainua randa ya babu, akaifuta kwa ukingo wa shati, akailaza ubavu mbele yangu. "Hii iache hapo. Baba yangu angependa kuuona ule utepe." Akanipangusa chozi kwa kidole gumba kilichojaa vumbi la mninga. "Na siku nyingine ukivunja kitu, niambie. Mimi ni baba yako, si askari."

Kisha akabeba kapu lake. Washindi wa kawaida huacha meza yao ya zamani, na aliyeng'olewa anaichukua. Mimi sikuwa na meza ya kuacha. Kwa hiyo Mzee Mwishehe, bingwa wa miaka sita, hakuwa na pa kukaa. Alitembea karakana nzima, watu wakimpisha, mpaka kwenye ile pembe ya mlangoni yenye vumbi. Akasimama nje ya mstari wa chokaa wa Mikdad.

"Hodi," akasema.

Mikdad alikuwa amekimbilia ndani ya mstari wake kumpokea, lakini sauti haikutoka. Mdomo ulifunguka, ukafungwa.

"Hodi," Baba akasema tena.

Macho ya Mikdad yalikuwa yamejaa machozi. Shangazi akanong'ona, "Jibu we mtoto, jibu," nami nilikuwa nimeushika utepe wangu kifuani kwa mikono yote miwili.

"Hodi. Ya tatu hiyo, kijana. Nikigeuka nimegeuka."

"Karibu!" Mikdad akapaza sauti, mpaka ndege wakaruka juu ya paa. "Karibu Mzee. Karibu sana. Meza inatosha watu wawili."

Baba akavuka mstari. Akaweka kapu, akakagua meza, akapitisha kidole juu ya vumbi, akaguna. Akatoa patasi moja moja na kuzipanga upande wake kana kwamba alikuwa pale siku zote. Hakumtazama Mikdad aliposema, lakini alisema kwa sauti ya kutusikilizisha wote.

"Mzee Ausi nitampigia simu leo. Mananasi yake tutaendelea kununua sokoni."

"Naam, Mzee."

"Na wale wazee wako, waambie waje tena Ijumaa, baada ya Alasiri." Akapuliza vumbi kwenye patasi, upande wa mlangoni, si upande wa jirani. "Wapige hodi moja tu. Nitakuwa nimesimama nyuma ya mlango."